Miezi Niliyoipunguza

Mwanangu wa kwanza alikuwa akisikia lori la kubeba majani ya chai kabla yetu sote. Tulikuwa wanawake sita shambani, vikapu mgongoni, mikono ikikimbia juu ya michai, na yeye ameketi kwenye kichwa cha mstari akipanga vijiti. Ghafla angesimama, ageuke upande wa barabara na kuanza kunguruma kwa koo. "Haya, lori iko kwa daraja," mmoja wetu angesema, na sote tungeongeza kasi. Hakuwahi kukosea. Hilo ndilo jambo pekee ambalo watu wa kilima chetu walimsifia, nami niliipokea sifa hiyo kila mara kana kwamba sijawahi kuisikia.

Kwetu, si mbali na Kapkatet, wenye vishamba vidogo tulichumiana chai kwa zamu. Leo sita tuko kwako, kesho kutwa tuko kwangu. Kila mmoja na mstari wake, na mistari imelala ubavu kwa ubavu, kwa hiyo yule unayechuma karibu naye utajua maisha yake yote kabla ya saa sita mchana. Mikono haihitaji mdomo. Mtu asiyetakikana kwenye kikundi hakufukuzwa. Siku ya zamu yake ilipofika, kila mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani, basi. Majani yake yangekomaa yakawa magumu, karani wa kituo cha kununulia chai angeyakataa, na ujumbe ungekuwa umefika bila mtu kugombana na mtu.

Mimi nilikaribia sana kufikishiwa ujumbe huo mwaka ambao mtoto alinyamaza.

Alizaliwa mwezi wa sita, mkubwa, mwenye kelele. Mwezi wa tatu uliofuata, alipotimiza miezi tisa, nilimpeleka kudungwa sindano ya surua kama nilivyoambiwa. Alilia, akanyonya, akalala. Baadaye akatembea. Baadaye tena akaanza kusema. Alisema "chego" akitaka maziwa, akamwita bibi yake "kogo" kama sisi sote, na Krismasi ile aliwachekesha wageni kwa kusema "roli" kila gari lilipopita. Halafu, kuelekea Pasaka, maneno yakaanza kwenda. Hayakwenda siku moja. Nilikuwa nikitafuta neno moja naona halipo, kama unavyotafuta kuku jioni na kukuta banda lina watatu badala ya wanne. La mwisho kwenda lilikuwa "chego". Baada ya hapo alinishika mkono na kuuweka juu ya kibuyu, bila kunitazama.

Siku hizi wanaita usonji. Wakati huo hakukuwa na jina, na kitu kisicho na jina kila mtu hukipa lake. Kogo, mama mkwe wangu, alikuwa na ulimi wa kukata majani ya ng'ombe. Yeye ndiye aliyeita majina siku mtoto alipozaliwa: kwetu wanawake huita majina ya wafu wa ukoo wa baba, moja baada ya lingine, na jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo la yule aliyerudi. Sasa akakumbuka kwamba siku ile mimi nilikuwa na mafua.

"Ulimwambukiza," akasema. "Alipiga chafya ya mafua. Tukampa jina la mtu ambaye hata hakuwa anakuja."

Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mwingine. Kanisani waliniombea kwa kunishika kichwa kwa nguvu, na nilipoinuka mama mmoja akaniuliza polepole kama kwetu kulikuwa na mwingine wa namna hiyo. Mume wangu alikuwa mwalimu upande wa Mulot, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akatoka kwenda kukagua ua. Watoto wa majirani waliacha kuja kucheza kwetu. Hakuna aliyewakataza mbele yangu. Waliacha tu, na uwanja wangu ukawa safi muda wote, jambo ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa miaka miwili anajua si la kawaida.

Nilikuwa mpweke. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka hapo.

Kwenye kikundi alikuwemo mama mmoja wa Murang'a. Mumewe alikuwa na duka pale sokoni na walikuwa wamekodi kipande cha chai. Kwa sababu yake tulizungumza Kiswahili kwenye mistari. Watu wa kwao wengi walikuwa wamehama miaka ya fujo za kikabila, yeye akabaki na duka lao na lafudhi yake, na nadhani ndiyo maana alichagua mstari ulio karibu na wangu. Alikuja na githeri, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli la plastiki, akaniwekea nusu bila kuniuliza. Aliniita "mama kijana". Alikuwa mtu pekee aliyemsalimia mwanangu kila asubuhi na kungoja jibu kidogo, kama vile safari hii huenda likaja.

Siku moja akaniuliza, "Hii kunyamaza ilianza lini, mama kijana?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka mstari wa tatu. "Si ni ile sindano? Mtoto wa shemeji yangu pia alidungwa akashikwa na homa mbaya."

Mikono yote ikapunguza mwendo. Wanawake watano walikuwa wakinitazama, na kwa mara ya kwanza macho yao hayakuwa yakiuliza nilifanya nini. Yalikuwa yakiuliza nilifanyiwa nini. Nikasema, "Labda."

Hiyo labda haikukaa wiki mbili. Niliporudia habari hiyo mara ya pili, nilisema alinyamaza miezi michache baada ya sindano. Mara ya tatu ilikuwa wiki. Sikuketi chini nikapanga kudanganya. Nilikuwa naona tu kwamba kila nilipotia chumvi kidogo, mtu alisogea karibu. Mmoja alinichotea maji. Mwingine alisema pole, na katika miezi ile yote sikuwa nimeambiwa pole na mtu yeyote. Kutoka sindano hadi kunyamaza ilikuwa karibu mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo ndimo maneno yake yote yalimozaliwa. Mimi niliuondoa mwezi baada ya mwezi, hadi ikabaki jioni moja.

Kisha mume wangu akaja na habari za redio. Huko Ulaya, akasema, madaktari wenyewe wanabishana kama sindano ya surua ndiyo inayofanya watoto wengine wawe hivi. Wazazi wanaogopa. Alisema akikuna kidevu, na baadaye, tukiwa wawili, akaniuliza, "Lakini si Krismasi alikuwa bado anasema roli?"

"Wewe ulikuwa hapa siku mbili," nikamwambia. "Utajua nini?"

Hakuuliza tena. Alikuwa na lawama zake mwenyewe za kukaa mbali, nami nilizijua, nikazitumia.

Habari ile ya redio ilinipandisha cheo. Wanawake wa kilima cha pili walikuja kuchota maji kwenye mto wetu, ingawa wao wana mto wao, ili wanisikie. Chifu alipoitisha baraza na afisa wa afya akaja kueleza kwamba sindano ni salama na kliniki haina watu, mzee mmoja aliinuka akasema, "Sisi hatutaki maneno mingi. Muulizeni huyu mama."

Nilisimama na mtoto mkononi. Alikuwa ameziba masikio kwa sababu ya kipaza sauti. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya vumbi, na aliniuliza kwa adabu, "Mama, ilichukua muda gani?"

"Jioni ile ile," nikasema.

"Kadi ya kliniki unayo?"

"Ilipotea."

Kadi ilikuwa ndani ya sanduku la mume wangu, chini ya cheti chetu cha ndoa. Watu walinguruma, afisa akaandika kitu kwenye daftari, na nilipoketi rafiki yangu wa Murang'a alinishika mkono, akaushika hadi baraza likaisha. Alikuwa na mimba wakati huo. Na mimi pia.

Tulizaa wasichana, yeye miezi miwili kabla yangu. Ule ulikuwa mwaka wangu mzuri, sitasema uongo mwingine. Tuliwabeba mgongoni kwa leso, vikapu tukavining'iniza mbele, tukawa tunatembea kwenye mistari kama watu wenye nundu mbili. Tuliwanyonyesha tukiwa tumeketi kwenye gunia moja. Mvua ya mawe ilipotukuta mbali na nyumba, tuliwafunika wote wawili chini ya aproni yake ya nailoni, na mwanangu mkubwa akasimama nje akinyeshewa, ameinua uso, akifurahia.

Msichana wake alitimiza miezi tisa, ikapita. Hakumpeleka. Akatimiza kumi na moja. Wangu sasa ndiye alikuwa ametimiza tisa, na mume wangu akaja akisema madarasa ya Mulot yana mapengo, surua imeingia.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, tukichuma kwa gambuti zilizojaa matope. Rafiki yangu akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama kijana, hii surua inakuja. Wewe utapeleka kasichana kako?"

Wengine walikuwa wakingoja. Wote wanne.

"Mimi?" nikasema. "Baada ya yale niliona?"

"Basi hata mimi siendi," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. "Nilikuwa nangoja nisikie wewe."

Nilipokuwa na miaka saba, surua ilimwua mdogo wangu. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja. Nakumbuka macho yake yaliyokuwa hayataki mwanga na mama akining'iniza blanketi dirishani. Kwa hiyo mimi nilijua mambo mawili ambayo yeye hakuyajua: nilijua surua, na nilijua miezi. Siku ya tatu baada ya kumjibu vile, nilimwambia kogo naenda kumwona shangazi, nikambeba msichana, nikamshika kijana mkono, nikaenda hadi kliniki ya upande wa Sigowet, ambako hakuna aliyenifahamu.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, hana haraka. Watoto walikuwa wakilia na mwanangu alikuwa amejibanza ukutani, mikono masikioni, akinguruma lori lake.

"Huyu kijana ana nini?"

Nilimwambia. Sikujua kwa nini nilimwambia yeye ukweli. Labda kwa sababu sikutaraji kumwona tena.

"Wanasema ni sindano," nikamaliza.

"Ile wanabishania huko Ulaya ni ingine, ya magonjwa tatu pamoja. Hii yetu ni ya surua pekee. Huyu alidungwa na miezi ngapi?"

"Tisa."

"Na akaanza kuongea lini?"

"Akishapita mwaka moja hivi."

Alivua miwani. "Sasa mama, sindano gani hiyo ya kufundisha mtoto kuongea kwanza ndio imnyamazishe?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na msichana wangu akadungwa mkono wa kulia wakati bado nacheka. Nesi akaniambia hajui kilichompata kijana, na kwamba si mimi. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo, kwamba hajui, na kwamba si mimi, yote mawili pamoja.

Kama ningekuwa mtu wa maana, ningeshuka kutoka Sigowet nikapita moja kwa moja dukani kwa rafiki yangu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilipita mbele ya duka lile. Nilimwona ndani akipima sukari, mtoto mgongoni, nikainua mkono kumpungia, nikaendelea na njia. Nilikuwa nimehesabu: nikimwambia, atauliza kwa nini sikusema pale shambani. Kisha atauliza kuhusu baraza. Kisha wote watajua, na mimi nitarudi kwenye uwanja wangu safi na chafya ya mafua. Nikajiambia nitamwambia wiki ijayo, tukiwa wawili. Msichana alipopata homa kidogo nikasema ni meno. Nilimvalisha sweta ya mikono mirefu.

Wiki iliyofuata tulikuwa sita shambani. Ile iliyofuata pia.

Surua ilifika kilima chetu mwezi mmoja baadaye. Watoto wengi waliugua wakapona. Msichana wa rafiki yangu alianza kwa kikohozi na macho mekundu, na nilipokwenda kumwona nikaliona blanketi dirishani. Nilisimama mlangoni nisiweze kuingia. Rafiki yangu alidhani naogopa kumpelekea wangu ugonjwa, akaniambia kwa upole nirudi nyumbani. Siku mbili baadaye walimpeleka hospitalini Kapkatet, kifua kikiwa kimeshabana. Madaktari walijitahidi. Alikufa asubuhi, wakati sisi tulikuwa tukielekea shambani, na habari zikatukuta kwenye mistari. Niliendelea kuchuma. Mikono haikuwa na habari.

Walikwenda kumzika kwao, na walipakia kila kitu kwenye pikapu, vitanda, mizani ya duka, magunia, kwa sababu mumewe alisema hawarudi. Nilikwenda kuwaaga na msichana wangu mgongoni. Rafiki yangu alimtoa kwenye leso, akamshika kwa muda mrefu, akamnusa kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya ile sweta, palepale kwenye mkono wa kulia. Nilidhani atakivuta kitambaa. Nilitamani akivute.

"Usilie sana, mama kijana," akaniambia. "Wako hakudungwa na yuko. Wangu hakudungwa na ameenda. Kwa hivyo si makosa ya mtu, ni Mungu. Ningejua ni mimi nilikosea, aki ningekufa."

Nilifungua mdomo. Ninaapa niliufungua. Lakini alikuwa amejiegemeza kwenye maneno yale kwa uzito wake wote, na mimi sikujua kama kunyamaza ni huruma au ni woga uleule umevaa sweta. Mpaka leo sijui. Alinirudishia mtoto, akaenda akamwinamia mwanangu, akamsalimia, akangoja kidogo kama kawaida yake. Kisha akapanda gari.

Niliwaambia wale wanne zamu iliyofuata. Nilisema yote, nikataja miezi kwa sauti, kuanzia ule wa tatu, na Krismasi katikati, hadi Pasaka. Nilisema kadi haikupotea. Nilisema Sigowet. Hakuna aliyenitukana. Yule wa mstari wa tatu aliuliza tu, "Na yeye anajua?" Nikasema hajui, sikupata mtu wa kumpelekea barua. Tulimaliza shamba lile, kila mmoja kwenye mstari wake.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Nilichemsha chai ya watu watano, nikaosha vikombe, nikangoja. Saa tatu nilichukua kikapu nikaanza peke yangu. Shamba letu liko juu ya barabara, na kutoka pale niliwaona wale wanne wakipita mmoja baada ya mwingine, wamejifunga leso, watoto mgongoni, wengine wakiwashika mkono. Alhamisi ilikuwa siku ya sindano kwenye kliniki yetu. Hakuna aliyeinua macho upande wangu.

Miaka mingi baadaye madaktari walichunguza vya kutosha wakasema sindano haikuwa na hatia, nami nilisikia redioni peke yangu jikoni. Mwanangu ni mtu mzima sasa, anapenda kuketi pale pale kwenye kichwa cha mstari.

Alhamisi ile nilichuma mstari wangu hadi mwisho, kisha nikarudi nikachuma uliokuwa wa rafiki yangu, polepole, majani mawili na chipukizi, kama alivyopenda yeye. Mwanangu akasimama, akageuka upande wa barabara, akaanza kunguruma. Kikapu kilikuwa hakijafika nusu. Watu wote wa kilima walikuwa wameshajua. Ni yeye peke yake, huko Murang'a, aliyebaki akiamini kwamba mimi naye tulifanya jambo moja.